Mama, Jiko la Malaz Limewaka

Malaz, Riyadh
Ijumaa mchana

Mama,

Limewaka. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni mbele yake, miguu nimeinyoosha, na hakuna wa kuniambia inuka, kwa sababu wenye nyumba wamelala usingizi wao wa Ijumaa. Moto ni mdogo, umesimama wima, hautoi moshi wala haumkohozi mtu. Na kwa kuwa limewaka, nakuja kukuona. Bosi amenionyesha ruhusa yangu ya kutoka na kurudi kwenye simu yake, majina yangu yote matatu yakiwa yameandikwa. Niliisoma mara tatu, maana siku hizi simwamini mtu, hata simu.

Najua ungeuliza jiko na safari vimekutana wapi. Ngoja nikueleze, na leo angalau usinikatize.

Ulipotuacha nilikuwa Jeddah, mtaa wa Rawdah, napiga pasi kanzu za bosi. Kaka alipiga simu, akasema jina langu, nami nikajua. Madam alinipa pole, akanikumbusha kwamba bosi anasafiri asubuhi na kanzu bado mbili. Nikazimaliza. Sijui niliwezaje. Mkataba ulikuwa haujafika hata nusu, ikama yangu, kile kibali cha kukaa hapa, wanayo wao, basi ukazikwa nyumbani Elburgon kwenye mvua na mimi nikakuona kwa video ya simu tu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiomba nije japo nilione kaburi. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Baadaye, Jamila." Ndiyo, hapa mimi ni Jamila. Jerusha liliwashinda siku ya kwanza, nikawaachia. Lakini walipotaka nimwite mama yake bosi "mama" nilikataa. Mama nilikuwa naye. Namwita Sitti, kama wajukuu zake wanavyomwita bibi yao, na yeye hajanuna.

Sasa, kazi ya bosi ikahamia Riyadh. Akanunua nyumba hapa Malaz, nyumba ya zamani kidogo, kutoka kwa injinia mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Injinia akaacha jiko sebuleni. Umenisikia vizuri: jiko, Saudia. Huko nyumbani watu wanadhani hapa ni jua tu. Waambie waje Riyadh mwezi wa kwanza, wafue kwa maji ya bomba asubuhi, halafu tuongee. Sitti ameishi Jeddah maisha yake yote na hakuwahi kuvaa soksi; wiki ya kwanza hapa alivaa za mwanawe, pea mbili kwa pamoja. Bosi akalipenda jiko kama mtoto mpya. Akaniita, akanionyesha vitufe, akasema, "Jamila, kazi yako hii. Baridi ikiisha, Sitti akiwa salama, wewe unasafiri. Halas, imekwisha." Nikajifungia chooni nikacheza.

Jiko lenyewe ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo. Linatumia umeme kidogo wa kuliwashia na kuendesha feni, na chakula chake ni vijiti vifupi vilivyokaushwa vinavyouzwa kwenye mifuko, vimefanana kabisa na chakula cha sungura. Unavimimina juu, lenyewe linavidondosha kimoja kimoja kwenye kikombe cha chuma, na humo ndimo moto unamokaa. Siku ya pili nilimwagia maji kiganja kimoja cha vijiti hivyo kwa bahati mbaya. Vikavimba, vikamomonyoka, vikawa unga wa mbao. Mama, unga wa mbao! Ule ule tuliokuwa tukiuchota kwenye kiwanda cha mbao, mimi na wewe, gunia mgongoni! Wazungu wameushindilia wakauweka kwenye mfuko wenye picha ya mlima. Nilicheka peke yangu mpaka madam akaja kuangalia kama nimepata wazimu.

Nikaliona akilini jiko la hoteli yako ya chai. Lile debe lenye tundu pembeni chini. Tunaweka chupa ya soda katikati na fimbo kwenye tundu, tunashindilia unga wa mbao kwa ngumi, halafu wewe unazungusha chupa na kuitoa polepole huku umebana pumzi, kama mtu anayemchomoa mtoto mwiba. Njia ikibomoka ulikuwa unasema ni mimi nimetikisa meza. Mama, mara nyingi ni wewe uliyetikisa. Nimeona niseme leo kwa kuwa huwezi kunirushia mwiko.

Wiki ya kwanza jiko lilikwenda vizuri. Ya pili likaanza ujinga. Moto ukawa mlegevu, wa njano, unayumba. Kioo kikawa cheusi. Moshi ukaanza kutoka kwenye kingo za mlango, halafu kengele ikalia pii pii na jiko likajizima. Sitti akakohoa mpaka nikaogopa. Tukafungua madirisha, baridi yote ya Riyadh ikaingia ndani. Madam akasimama mlangoni, "Jamila, shufi! Tazama! Umeliharibu!" Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile, na moshi zaidi.

Nilijaribu yote niliyoyajua. Nilibadilisha mfuko, pengine vijiti vimeingia unyevu. Nilitoa majivu yote kwa mashine ya kufyonza. Nilifungua bomba la moshi nyuma, nikalisugua kwa brashi niliyoifunga kwenye mpini wa ufagio, nikatoka mweusi kama sufuria ya kambi. Na kile kikombe nilikuwa nakifuta kila asubuhi kwa kitambaa mpaka kinang'aa. Haikusaidia kitu.

Bosi akaleta fundi. Fundi akafungua, akachungulia, akagonga kwa bisibisi mara mbili, akafunga. Akasema mfanyakazi ameliosha jiko kwa maji, mitambo ya ndani imekufa, vipuri viagizwe nje. Kisha akanywa kahawa akaenda zake. Mama, mimi katika nyumba hii nimeosha kuta, nimeosha zulia, nimeosha hadi taa za ukumbini, lakini jiko lile sijalitia hata tone la maji. Nani atanisikiliza? Fundi ana bisibisi, mimi nina ufagio. Madam akasema, "Mafi safari. Husafiri mpaka jiko lipone." Nikamtazama bosi. Bosi akatazama simu yake.

Nililia stoo, juu ya mifuko ya vijiti. Nililia kwa sababu ya jiko, na kwa sababu yako, na kwa sababu nyingine ambayo sikuwa nimemwambia mtu: nilikuwa nimesahau sauti yako. Sura ninayo, leso yako ya kijani ninayo, jinsi unavyotembea ninayo. Sauti ilikuwa imeondoka. Nilikuwa naitafuta nikiwa napika, nikiwa natandika vitanda, haiji. Nikawa najiuliza ni mtoto gani huyu.

Kesho yake niliamka na hasira. Unaijua hasira yangu, niliipata kwako, ile inayotufanya tufagie hata pasipo uchafu. Nikalisimamia jiko, mikono kiunoni. Nikaliambia, wewe ondoa vitufe vyako, ondoa kengele yako, ni unga wa mbao na hewa tu. Hakuna unachoweza kunidanganya. Na hapo hapo nikakusikia. "Angalia tundu la chini kwanza, wewe! Huko juu unatafuta nini?" Ilikuwa sauti yako yenyewe, pamoja na ile "wewe" yako iliyokuwa ikigeuza vichwa vya nusu soko. Nikajibu kwa sauti, "Naangalia, Mama."

Nikakichomoa kile kikombe cha chuma. Chini yake kina vitundu vya kupitishia hewa, vidogo, vingi. Nikakiinua dirishani nitazame mwanga. Hakuna hata kitundu kimoja kilichopitisha. Kitambaa changu kilikuwa kinapita juu tu kila siku, kinang'arisha, na chini yake kulikuwa na kitu cheusi, kigumu, kimejaa kila tundu kama lami. Moto ulikuwa unakosa pumzi, basi. Nikakwangua kidogo kwa msumari, nikakiwashia kiberiti nijue ni kitu gani. Harufu ikapanda, nikaitambua mara moja. Ubani.

Ngoja nikueleze kuhusu ubani. Jeddah, Sitti alikuwa na chetezo chake cha udongo. Kila Alhamisi jioni anatia makaa, anatia ubani, anapita chumba kwa chumba, hata kwenye kabati langu anafukiza. Kwao nyumba mpya haikaliwi bila kufukizwa. Tulipohamia Malaz, cheche moja ya makaa iliunguza zulia jipya, na madam akakichukua chetezo. Akamnunulia cha umeme. Sitti alikitia chini ya kitanda na hakukigusa. Sikulifikiria tena jambo hilo. Kumbe kila mchana, mimi nikishasafisha jiko na kabla halijawashwa alasiri, yule mzee alikuwa anaingia sebuleni na soksi zake, anafungua mlango wa kioo, anaweka vidonge vyake vya ubani kwenye kikombe safi.

Nitakwambia ukweli, sitajifanya mtakatifu mbele yako. Nilinyanyuka na kikombe mkononi kwenda kwa madam. Nilikuwa nimefika mlango wa jikoni. Safari yangu ilikuwa mle ndani ya kikombe, si maneno tena, ushahidi. Kisha nikamwona mawazoni Sitti akigombezwa na mkwe wake kama mtoto aliyemwaga uji, katika nyumba ya mwanawe mwenyewe. Nikakukumbuka ulivyokuwa huwezi kuvumilia mtu mzima akifokewa mbele ya watu. Nikageuka. Nilikuwa nakasirika huku nageuka, lakini nikageuka.

Nikaingia chumbani kwake, nikamwekea kikombe juu ya blanketi. Alikitazama, akakinusa, akaziba mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia alidhani nyumba hii ina jicho baya. "Kila likitoa moshi mbaya," akasema, "mimi naongeza ubani." Mama, jiko lilikuwa linazidi kukabwa na yeye anazidi kuliombea. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Halafu nikamwambia kwamba kwa ajili ya jiko hili nimenyimwa ruhusa ya kwenda kwa mama yangu.

Akaacha kucheka. Hakuwa anajua. Aliambiwa nimezoea, sitaki kwenda. Akauliza, "Mama yako anaumwa?" Nikasema, "Mama yangu yuko kaburini, Sitti. Sijamwona." Akaweka mkono wake juu ya wangu. Mkono wake una baridi hata ndani ya blanketi.

Kisha akasimama, akachukua kikombe yeye mwenyewe, akaburuza soksi zake hadi sebuleni. Bosi na madam walikuwa wanakunywa kahawa. Nilibaki nyuma ya mlango, roho mkononi. Sitti akajigonga kifua, "Ana. Ni mimi. Siyo Jamila." Akaweka kikombe mezani, kati ya vikombe vya kahawa. Akamgeukia mwanawe: "Wewe ulinipigia simu juzi kunijulia hali, na mimi nipo chumba cha pili. Huyu mama yake amelala peke yake. Yalla, mpe ruhusa yake." Bosi safari hii hakutazama simu, mpaka alipoitoa ili aombe hiyo ruhusa. Madam alitazama zulia. Hakuniomba radhi, na sikungoja aniombe. Baadaye aliniletea spiriti ya kidonda jikoni, akasema pengine itasaidia kutoa ule weusi. Nikamwambia asante, madam.

Ilisaidia kweli. Nilikipasha kikombe moto, nikakwangua tundu moja moja kwa msumari, nikasugua kwa spiriti, nikakiinua dirishani na vyote vikapitisha mwanga. Nikawasha. Moto ukapanda wima mara moja. Na juu ya jiko, pale pa chuma panapopata moto sana, nimeweka mfuniko wa kopo la maziwa. Sitti anatia ubani wake humo. Unayeyuka polepole, unanukia, hakuna kaa wala cheche, na zulia lipo salama. Jana amefukiza nyumba nzima akiwa amekaa.

Mama, nimepumua. Sikujua ni muda gani nilikuwa sijapumua.

Lakini kuna jambo nataka ulisikie kabla sijafika, nisije nikalikosea maneno pale. Siku mbili kabla hujaondoka ulinipigia. Ulikuwa unalalamika kwamba unga wa mbao uliokuja ni mbichi, jiko linatoa moshi, wateja wanakimbia na chai mkononi. Nilikuwa juu ya ngazi, nafuta madirisha ya Rawdah, madam ananiangalia. Nikasema, "Mama, nitakupigia kesho." Nikakata. Kesho sikupiga. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, na nimeyabeba miaka hii yote nikiyaonea aibu. Leo nayasema.

Basi kwaheri kwa sasa, Mama yangu. Nakuahidi hivi: nikifika sitakuja mbio, na simu nitaizima. Nitakaa kando yako pale chini, nikuulize kama ule unga ulikauka, ulifanyaje, nani alikusaidia kuuanika. Na safari hii nitasikiliza mpaka umalize.

Mwanao,
Jerusha