Hema la Watu Wanne

Mpendwa Mama Ndinda,

Baba Ndinda aliwahi kuniambia kwamba jina lako, Mwende, kwa Kikamba maana yake ni yule anayependwa. Kwa hiyo nikikuita mpendwa nakuita mara mbili, na mimi niliyebaki duniani, ninayepika kwenye jiko lako, bado sijaitwa hivyo hata mara moja. Naona nimeanza vibaya. Lakini nilijiapiza kwamba siku nikikuandikia sitakuficha kitu, basi acha niseme: nakuonea wivu. Una miaka minne kaburini kule Kangundo, nami nakuonea wivu kama vile unaweza kufungua mlango saa yoyote uulize ni nani aliyehamisha sufuria zako.

Nakumbuka Jumamosi ile ulipokuja kibandani kwangu hapa Makongeni. Nilikuwa nashona hema kubwa la mtu wa kukodisha, yale ya harusi na matanga, nalo lilikuwa limejaa chini hadi mlangoni. Uliinua sketi, ukaliruka kama mtu anayevuka mtaro, ukasimama mbele ya cherehani yangu na daftari kuukuu la hesabu mkononi.

"Fundi, nataka hema la watu wanne. Si la harusi. La kulala."

Nikakuuliza, "La kulala wapi, mama? Mmefukuzwa nyumba?"

Ulicheka hadi ukashika meza. "Tunaenda likizo. Uganda, kwenye kisiwa."

Mtaani kwetu shule zikifungwa watu huenda ushago, kijijini kwao. Sikuwa nimesikia karani wa stoo na dereva wa lori wakipeleka watoto kisiwani. Lakini wewe ulikuwa na mpango. Mwenzako wa kazini, mama mmoja wa Kiganda, alikuwa amekusimulia visiwa vya Ssese vilivyo katikati ya ziwa, nawe ukaandika kila alilosema kwenye kurasa za nyuma za lile daftari. Ndege ulikuwa umeiandika, kisha ukaifuta kwa mistari miwili. "Ndege tutapanda siku Ndinda akiwa rubani," ulisema. Hoteli pia uliifuta. Kilichobaki ni basi hadi Busia, kuvuka mpaka kwa miguu, kulala ng'ambo, kisha Entebbe na feri ya mchana. Huko mngesimamisha hema ufuoni, mpike ugali wa unga mliobeba wenyewe na samaki wa huko huko.

Tulinunua turubai pamoja Eastleigh, kwa jumla, ukabishana na muuzaji hadi akatuongezea mita moja ili tumwondokee. Halafu tukapima. Uliona tuna urefu sawa, ukaniambia, "Fundi, lala pangu nione." Nikalala juu ya makaratasi ya katoni. Pa Kyalo, mwanao mdogo, uliweka gunia la vipande vya vitambaa, maana alikuwa na miaka minne tu. Pa Ndinda uliweka benchi langu. Baba Ndinda ulimpima kwa ubao wa mlango. "Akilala hageuki," ulisema. "Ni kama mlango tu. Lakini ana joto, wacha kabisa."

Ulicheka, nami nikacheka. Sikukuambia nilichokuwa nafikiria nikiwa pale chini. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Ziwani na kitanda kimoja, na hakuna mtu niliyeweza kusimulia jinsi anavyolala. Nilishona mahema ya harusi za watu wengi mno. Wewe uliondoka ukiimba, nami nikabaki nikitazama ule ubao wa mlango, na ndani yangu kitu kikauma. Usidhani wivu wangu ulianza ulipokufa. Ulianza siku ile, tulipokuwa marafiki.

Kisha figo zako zikaanza kukuchezea. Likizo ikasogezwa, ikasogezwa tena, na hema likakaa juu ya kabati langu likiwa limekunjwa. Nilikuja kukuona hospitalini kila Jumapili baada ya kanisa, nikakusuka nywele. Ulichoniuliza siku zote ni kimoja: "Hujaliuza, Fundi?" Nikasema sijaliuza. Sikuliuza hata ulipokwisha kuzikwa.

Baba Ndinda alikuja karibu mwaka mmoja baadaye. Alikuwa amelikuta lile daftari. Alikaa kwenye benchi, akaligusa turubai, akaenda zake bila kulichukua. Wiki iliyofuata akaja tena. Sikumwita, Mama Ndinda. Nataka ulijue hilo hata kama husomi barua. Wala sikumfukuza. Tulifunga ndoa kanisani bila hema, kwa watu wachache, nami nikahamia kwako.

Kwako, ndiyo. Mferejini wananiita mke wa Baba Ndinda. Mama Ndinda ni mmoja tu. Jirani akionja chapati zangu husema, "Mwende naye alikuwa na mkono." Ndinda, ambaye sasa ana miaka kumi na tatu, hutoa dania kwenye mchuzi jani moja moja na kuyapanga kando ya sahani, kwa sababu wewe hukutia dania. Nami najua kwamba Baba Ndinda akilala hageuki, na kwamba ana joto. Nilijua kabla sijalala hapo. Hata hilo uliniachia likiwa limetumika.

Mwaka huu nikaamua kukushinda. Nilipata kwenye simu tangazo la nauli rahisi ya ndege kwenda Zanzibar, na mahali pa kupiga kambi kando ya bahari. Nilipiga hesabu zangu nikaona tukijibana tutaweza. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, nikawaambia.

"Ndege!" Kyalo aliruka juu ya kiti. "Wasee wa darasa letu watajua hawajui!"

Ndinda aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na lile daftari, akaliweka mezani mbele ya baba yake. "Mama aliandika feri," akasema.

Baba Ndinda akalifungua. Nilimtazama akisoma. Alipitisha kidole juu ya maandishi yako polepole, mstari kwa mstari, nami nikatamani mtu anisome hivyo siku moja. Kisha akasema, "Tufuate hii."

Basi mimi, niliyetaka kukupita angani, nikawa mtumishi wa safari yako. Nilishusha hema juu ya kabati. Nikatafuta vigingi na kamba. Tulidungwa chanjo zilizohitajika, tukapata karatasi za watoto za kusafiria. Siku tatu kabla ya kuondoka, mwajiri wa Baba Ndinda akampa mzigo wa kupeleka Juba, hakukuwa na dereva mwingine. Baba Ndinda akatupeleka kwa wakili, akaandika barua ya kuniruhusu kuvuka mpaka na watoto wake, ikapigwa muhuri. "Nendeni," akaniambia. "Wamengoja miaka mingi."

Busia tulifika alasiri. Afisa wa uhamiaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alichukua vyeti vya kuzaliwa, akavisoma, akaniangalia.

"Mama wa watoto hawa ni Mwende. Wewe ndiye Mwende?"

"Hapana."

"Mwende yuko wapi?"

Nilikuwa nimebeba cheti chako cha kifo kwenye bahasha, lakini mikono ilikataa kukitoa mbele ya watoto. Foleni nzima nyuma yetu ilikuwa inasikiliza. Afisa akamgeukia Ndinda. "Huyu ni nani wako?"

Ndinda akajibu kwa sauti iliyonyooka, "Ni mke wa baba yetu. Mama alikufa."

Kyalo akaongeza, "Lakini anajua kushona mahema."

Afisa alisoma barua ya wakili, akaomba ile bahasha, akatugongea mihuri. Hakuna aliyekosea. Kila neno alilosema Ndinda lilikuwa kweli, nami nilivuka kuingia Uganda nikiwa nimebeba sufuria zako mbili, huku ukweli huo ukinichoma kama pilipili jichoni.

Kesho yake tulipanda feri. Ilibeba malori, ndizi na kuku, na watoto hawakutulia kwa furaha. Ulikuwa umeandika: kaeni upande wa kushoto, kuna kivuli. Tukakaa kushoto, na kivuli kikawepo muda wote. Mama Ndinda, niliomba jua lituchome, angalau dakika kumi, ili uwe umekosea jambo moja. Hukukosea. Mzee mwenye uwanja wa kambi alikuwepo kama ulivyoandika, nyasi zilikuwepo, samaki walikuwepo. Tulisimamisha hema, likasimama vizuri, watalii wawili wazungu wakaja kuuliza tulilinunua wapi. Ndinda akawajibu kwa kujivuna, "Mama yangu ndiye aliyelipima." Hakusema nani alilishona.

Siku ya pili mchana mvua ikaja kutoka ziwani, ukuta mzima. Tulikimbilia ndani. Kwa dakika chache lilihimili, halafu mshono wa paa, upande wako, ukaanza kupitisha maji. Kwanza matone, kisha mkondo, ukimwagikia blanketi, nguo, na lile daftari ambalo Ndinda alikuwa ameliacha juu ya begi.

Alilinyakua, akalikumbatia kifuani, wino wa bluu ukimchafua mikono. "Ulishona vibaya!" alinipigia kelele. "Mama angejua angetafuta fundi mwingine!"

"Angetafuta," nikasema. "Kweli kabisa."

Alitarajia nibishe. Badala yake nikaona ni afadhali niseme yote. Nilimwambia kwamba mshono wa paa hukunjwa na kushonwa mara mbili, kisha hupakwa nta, na kila fundi anajua. Mshono ule niliushona jioni ya siku tuliyopima, nikiwa na uchungu, nikaupitisha mara moja tu. Nilijiambia ningerudia kesho. Sikurudia. Halafu ukaugua, na kurudia kukawa kama kukiri.

"Uchungu wa nini?" Ndinda akauliza.

"Nilimwonea wivu mama yako."

"Kwa sababu ya baba?"

"Baba yako sikuwa hata nimemwona. Kwa sababu alikuwa na watu wa kuwapimia hema."

Kyalo alikuwa amekinga maji kwa sufuria, ananitazama, anamtazama dada yake. Mvua ilipungua. Nilitoa sindano kubwa na uzi wa nta, ambavyo natembea navyo popote, tukatoka nje. Ndinda akashika ile sehemu iliyofunguka, akaikaza kwa mikono miwili, nami nikashona. Tulikuwa karibu sana, uso kwa uso, bila kuangaliana. Nilifika katikati ya mshono alipoanza kuzungumza.

"Hata mimi nakuonea wivu, Anti."

"Mimi? Una nini cha kunionea wivu?"

"Ulikuwa rafiki yake. Alikuwa anakuambia vitu vya wakubwa. Mimi alikuwa ananiambia tu nioge, nifanye homuwaki." Aliikaza turubai zaidi. "Sauti yake imeanza kupotea. Nikijaribu kuisikia nasikia ya shosho, mama yake. Na wewe unaye mzima huko ndani na hutuambii kitu. Kila nikimtaja unanuna."

Sindano ilinichoma kidole. Ni kweli, Mama Ndinda. Nilikuwa nanuna. Nilidhani kukutaja ni kukuongezea nafasi ndani ya nyumba, nawe tayari ulikuwa umeijaza. Sikujua kwamba watoto wako walikuwa wanakaa na mimi kama watu wanaokaa na duka lililofungwa, wakijua unga umo ndani.

Nikaanza pale pale, nikishona. Niliwasimulia jinsi ulivyomchosha yule muuzaji wa turubai hadi akatoa mita ya bure, na nilipoigiza sauti yako ukibishana, ile ya puani, Ndinda aliachia hema akaziba mdomo. "Ndiyo hiyo!" alisema. "Anti, ndiyo hiyo! Rudia." Nikarudia. Kyalo, ambaye hakukumbuki sana, alicheka kwa sababu dada yake anacheka, akataka nirudie tena. Tuliketi kwenye nyasi mbichi hadi samaki wa mchana wakawa wa jioni.

Sasa tumerudi. Baba Ndinda naye amerudi kutoka Juba, amechoka na amekonda, akaambiwa habari zote na watoto kwa pamoja bila kupewa nafasi ya kuketi. Mferejini bado naitwa mke wa Baba Ndinda. Dania bado inapangwa kando ya sahani, ingawa juzi niliona majani mawili yamesahauliwa mchuzini, nikaendelea kula. Daftari limekauka, limevimba, kurasa kadhaa hazisomeki tena, na Ndinda huniuliza pale palikuwa pameandikwa nini, maana mimi ulinisomea yote.

Nawapa ninachokumbuka. Nimewapa karibu vyote. Kimoja tu nimewanyima: ile Ijumaa uliyotoka kliniki, kabla hujaenda nyumbani, ukaingia kibandani na kufunga mlango kwa ndani. Hukuniita Fundi siku hiyo. Uliniita Wambui. Habari ya figo hukuwa umemwambia Baba Ndinda, hukuwa umemwambia mtu, ulikuja kwangu kwanza. Ulilia, kisha ukala githeri yangu yote, kisha ukasema uliyoyasema. Ndinda hatayapata hayo, wala baba yake, akiniuliza hata kwa magoti. Wao wanaye Mwende wao, wagawane watakavyo. Huyo wa Ijumaa ni wangu.

Pumzika. Watoto wamekula.

Mke mwenzako,
Wambui