Orodha Niliyokusomea, Baba

Mikumi, Jumapili mchana

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nimekaa nikilitazama, maana tangu uondoke sijaweza kukuamkia, hata kimoyomoyo, bila kujisikia mwongo. Siku ya hitima yako wote walikuwa wanakuombea kwa sauti. Mimi nilikuwa nachezesha midomo tu.

Kwanza nikupe habari za nyumbani, kwani ungeanza kuuliza hizo. Mama ni mzima, ila mguu unamsumbua na hataki kwenda kupima, anasema aliyekuwa anampima amekwenda zake. Miwani yako iko juu ya redio pale pale ulipoiacha. Kadi yako ya hospitali ya Morogoro, ile ya kwenda kutolewa mtoto wa jicho, bado imebanwa kwenye kalenda. Malori bado yanafeli breki barabarani, na wapo majeruhi wanaobisha hodi kwetu kwa mazoea wakimuulizia daktari. Mama huwaambia daktari hayupo, halafu wananitazama mimi.

Hukupenda kuitwa daktari. Miaka yote, kuanzia zahanati ya Kisanga, ukaenda Rudewa, mpaka hapa, ulikuwa unawasahihisha watu: "Mimi ni tabibu wa stashahada. Daktari yuko wilayani." Nilipokuwa mdogo nilidhani unatania. Nilipofika kidato cha tano nikaanza kukuonea aibu. Nalisema wazi, leo sina la kuficha. Wenzangu bwenini walikuwa na wazazi wenye vyeo, na mimi nikiulizwa baba yako anafanya kazi gani nilijibu daktari, nikaacha hivyo hivyo.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nilikuwa na B mbili na C moja. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Wewe ulifurahi, kisha ukanivuta pembeni. "Umefaulu vizuri, mwanangu," ulisema, "lakini udaktari wanaougombania ni wengi kuliko viti, na wengi wao wana A tupu. Tuchague kwa akili." Ukakaa kibarazani siku nne ukiwapigia simu watu uliosoma nao na kufanya nao kazi, huyu Mbeya, yule Mwanza, ukiwauliza mwaka uliopita aliyeingia wa mwisho alikuwa na alama gani. Majibu uliyaandika nyuma ya bango la chanjo, kwa kalamu nene na herufi kubwa, ili uweze kuyaona mwenyewe. Vyuo sita. Viwili vya juu, vya kujaribu bahati. Viwili vya katikati. Na viwili vya mwisho, ambavyo hata mimi sikuwahi kuvisikia vizuri, ukavipigia mstari. "Hivi ndivyo vitakavyokuchukua," ulisema. "Digrii ni ile ile, na mgonjwa haulizi ulisomea wapi."

Kwenye kundi letu la WhatsApp vyuo kama hivyo waliviita vya kukimbilia. Mtu akikitaja kimoja anawekewa stika za kucheka. Wote walikuwa wanajaza vile vikubwa vya mijini, na mimi tangu kidato cha pili walishaniita Daktari Hadija. Kichwa kilinivimba, Baba. Nikiwazia kuandika jina la chuo ulichokipigia mstari, naona zile stika.

Unakumbuka utaratibu wako wa kazi. Hukumruhusu mtu ampe mgonjwa dawa kabla hajakusomea ulichoandika. "Nisomee," unasema, na muuguzi anasoma jina, dawa na kipimo, wewe umefumba macho unasikiliza. Ulituambia makosa mengi ya zahanati uliyakamata kwa masikio. Nyumbani pia ilikuwa hivyo hivyo, hata Mama akikutuma dukani alilazimika kusikia vitu vyote vikirudiwa.

Siku ya kujaza maombi tulikaa kibarazani, mimi na simu yangu, wewe na bango lako magotini. Kila chuo kina mfumo wake, kila mfumo unataka uanze upya, ikatuchukua mchana kutwa. Viwili vya kwanza nilijaza kama ulivyoandika. Nilipofika cha tatu nikasita. Ulikuwa ubavuni pangu, bega kwa bega, lakini macho yako yalishafunga ukungu na kwenye kioo cha simu hukuona kitu ila mwanga. Ukasema, "Nisomee." Nikakusomea jina la tatu la kwenye bango. Kwenye simu nilikuwa nimejaza chuo kingine kabisa, kikubwa. Ukaitika, "Sawa." Cha nne nikafanya vile vile. Cha tano. Cha sita. Kila mara ulisema nisomee, nikakusomea, ukasema sawa. Mwisho ukanipigapiga mgongoni ukaniambia twende tukanywe chai.

Sikukosea, wala sikuchanganyikiwa. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia nikichaguliwa kikubwa tutacheka wote. Na chini ya hilo kulikuwa na jingine ambalo sijawahi kulitamka: niliona ile ni orodha ya mtu aliyezoea vidogo. Niliwaza hivyo huku umenishikia chaja ili waya usichomoke.

Majina yalipotoka sikuwemo popote. Vyote sita. Dirisha la pili la maombi lilipofunguliwa, vile viwili ulivyovipigia mstari vilikuwa vimeshajaa.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, ukaniita ukaniambia nikae. Nilijua umeshagundua, na nakuapia kuna kipande cha moyo wangu kilichopumua. Ukasema, "Hadija, nisamehe. Nilikuchagulia vibaya. Mambo yamebadilika, mimi nimebaki na hesabu za zamani." Ulikuwa umevua kofia na kuishika mkononi, kama unavyofanya ukiwa mbele ya mkubwa wako.

Nami nikakujibu, "Usijali, Baba. Nimeshakusamehe."

Nilikusamehe. Mimi, wewe.

Toka siku hiyo hukuwapigia tena wale rafiki zako. Jirani alipomleta mwanawe umshauri ulikataa, ukasema mambo hayo huyawezi tena. Wiki chache baadaye presha ikapanda, ukaanguka ukielekea msikitini. Sisemi nimekuua. Ungenikemea, ungeniambia presha ulikuwa nayo tangu Kisanga. Lakini uliondoka ukiamini umeniharibia maisha, na aliyekuaminisha ni mimi.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kuandika. Unamkumbuka Neema, niliyesoma naye, yule wa kwa wafugaji wa Rudewa. Baba yake ndiye uliyemshona mkono mwaka ule wa ugomvi wa mashamba, ukamkalisha benchi moja na mkulima waliyekatana naye, kila mmoja akasubiri zamu yake kimya. Neema alipokuja kutusalimu baada ya matokeo ulimwambia alipige picha bango lako, kwa kuwa kwao hakuna wa kumuuliza. Mimi nilicheka moyoni. Neema alikuwa na B moja na C mbili.

Jumatano alikuja. Wamefunga chuo. Alikuja na dumu la maziwa, akapiga goti, akamwamkia Mama, kisha akasema, "Mama, unisamehe nimechelewa kuja kuhani. Nimekuja pia kumshukuru mzee. Nilijaza vile vile alivyoandika, sikubadilisha hata kimoja. Kile cha mwisho ndicho kilichonichukua."

Yuko mwaka wa kwanza wa udaktari, Baba.

Mama alilia, akamshika mikono. Halafu akanigeukia, na hakuuliza kwa ubaya hata kidogo. "Sasa wewe vilikukataaje, na alama zako zilikuwa nzuri kuliko zake?" Neema akainamisha macho, nadhani yeye alishaelewa. Nikasema ni mfumo. Nikasema siku hizi mifumo inasumbua sana. Mama akatikisa kichwa. "Maskini baba yako," akasema, "na alivyojilaumu." Nikakimbilia jikoni, nikayabandika maziwa ya Neema, nikasimama mbele yake mpaka yakafurika na kuzima moto, na mimi nayaangalia tu.

Uongo wa kwanza niliusema kwa sababu ya vyuo. Huu wa Jumatano nimeusema wewe ukiwa kaburini, na Mama ameupokea kama wewe ulivyoupokea.

Dirisha la mwaka huu limefunguliwa wiki hii. Bango lako lilikuwa nyuma ya kabati, nimelipangusa vumbi. Nilimpigia rafiki yako wa Mbeya, akaniambia, "Mzee wako aliniambia hesabu zake zilikosea. Nilimshangaa, maana tulizipiga wote." Akanieleza pia kwamba mwaka huu ushindani umezidi, na huenda hata vile viwili visinichukue. Nitavijaza vyote sita vya orodha yako. Nikikosa, nitaomba stashahada ya utabibu huko Kilosa, na watu wakiniita daktari nitawasahihisha kama ulivyokuwa ukiwasahihisha wewe.

Hilo ni rahisi. Gumu ni Mama. Unajua hajui kusoma, na anasadiki chochote ninachomsomea. Kesho asubuhi akimaliza chai nitamsomea barua hii, tangu shikamoo mpaka jina langu. Nimemwomba Neema aje, hajarudi chuoni bado. Nikimaliza nitampa yeye karatasi, amsomee Mama tena tangu mwanzo, mimi nikiwa nimekaa hapo nasikiliza. Ndivyo ulivyotufundisha. Sijui Mama atanifanya nini baada ya hapo, na sitamwomba anisamehe haraka, kwa sababu najua mimi nilivyokuwa mwepesi wa kukusamehe wewe.

Ijumaa tutakuja Kilosa kung'oa majani kaburini kwako. Sitachezesha midomo.

Pumzika, Baba. Hesabu zako zilikuwa sawa.

Mwanao,
Hadija