Mguu ya Musyoka na Mguu Yako

Binti yangu Mwende, wewe uko mbali huko Uarabuni,

Simu yako haiingii, ndiyo natuma hii barua na mwenzako anayerudi huko. Mtoto wako Musyoka alivunjika paja, lakini usilie. Jana ametembea na magongo mpaka kwa mlango, akaniambia mimi nyanya yake, "Shosho, toka kwa njia." Anayeandika ni mama Njeri jirani. Nimemwambia asiruke kitu.

Unakumbuka paja yako ilivunjika, ukiwa miaka nane kama yeye? Tulikuwa Makongeni. Walikulaza hospitali wiki nyingi, mguu imevutwa na kamba, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda. Ulikunywa uji ukilala, inamwagika shingoni, tunacheka. Ilikuwa uji ya wimbi na wewe ulitaka ya mahindi, lakini wacha hiyo.

Huyu naye alianguka kutoka juu ya ukuta hapa mtaani Lucky Summer. Nikajua watamfunga vile vile. Daktari akasema siku hizi mtoto wa miaka hiyo wanampasua. Akanionyesha vyuma viwili vyembamba vinavyopinda, vinapita ndani ya mfupa, wanakata kidogo tu juu ya goti. Ama sahani ya chuma na skrubu, hiyo inataka kupasua sana.

"Weka ya skrubu," nikasema.

"Shosho, kwani unajenga daraja? Huyu ni mwepesi, na mfupa haikusagika. Vyembamba vinatosha."

Nikamwambia nataka kitu mtu hawezi kufungua kwa huruma. Akauliza, "Nani atafungua?" Hapo nikalia, Mwende.

Nikamwambia ni mimi. Kila saa ya kuona wagonjwa ukisema "mama, inavuta," nilikuwa nainua ule uzito naweka kwa kitanda mpaka kengele ilie. Na nilikuwa nimekatazwa. Mguu yako ikaungana ikiwa fupi, na miaka yote nimekuambia ni hospitali iliharibu.

Daktari aliviinua vile vyuma viwili. Akasema, "Hivi vitakuwa ndani ya mfupa, shosho. Hakuna mtu atavifikia." Nikaweka kidole kwa fomu ya kukubali apasuliwe.

Juzi wamepima miguu zake. Zinalingana. Vyuma watatoa baadaye, mfupa ikishika kabisa.

Ukipata simu, piga. Nigombeze kwanza, mimi nitanyamaza, hata kama hujawahi kuona nikinyamaza. Ukimaliza nitampatia Musyoka.

Ni mimi mama yako, niliyekuonea huruma vibaya.