Dawa ya Sungura

Lubumbashi, 2 juillet

Papa Floribert,

Jambo sana. Afya iko namna gani? Miguu ingali inavimba? Shiye huku Ruashi tuko bien, ni vumbi tu inatusumbua.

Natuma kachupa na Katongo, shofere. Ni dawa ya moyo tunajaribu ku labo ya fakilte, pale banafundisha badocteur. Sungura benye moyo muzaifu, yenye kuruka-ruka ovyo kama yenu, tunabapatia, na kisha juma moja banaanza kula muzuri. Munywe matone tano kila asubui. Musiambie muntu, professeur hajui nimeikamata.

Mutoto wenu, Godefroid

Mokambo, 13 juillet

Mutoto wangu docteur,

Jambo. Tunalamuka muzuri, neema ya Mungu. Dawa yako, aksanti! Miguu imeshuka, pumzi imerudia. Ku misa nilibaambia bantu: mutoto wangu anaponyesha moyo. Ulisema nifunge kinywa, lakini furaha nitaificha wapi? Tuma ingine.

Papa yako

Lubumbashi, 29 juillet

Papa,

Jambo, na munisamehe, sina nguvu ya kuuliza habari. Muache ile dawa leo leo! Sungura kumi na mbili tulibapatia, tisa bamekufa. Kwanza inatuliza moyo, kisha inaichokesha mpaka inasimama.

Na tena, miye si docteur. Ninasafisha matundu ya sungura na kubapatia dawa, basi. Mulipenda kuniita vile, nikanyamaza.

Nilikamata telefone mara tatu, nikaiweka. Haya ilinishika, papa, sikutaka musikie sauti yangu. Katongo anatoka kesho na hii barua.

Godefroid

Mokambo, 6 août

Godefroid,

Miye niko vile vile, miguu imevimba. Dawa yako sikunywa hata tone moja. Unajua kwetu, kintu kizuri kinaanzia ku mukubwa. Yaya wangu Léonie, dada mukubwa wa tumbo moja, naye moyo ilikuwa inamuruka, nikamupatia kachupa yote. Ni miguu yake ilishuka. Ulikuwa umeiba ile dawa sababu yangu, nikaona haya kukuambia nimeigawa.

Gari ya Katongo iliharibika mu njia. Barua ilifika tarehe tano. Yaya alikufa tarehe mbili. Telefone yangu ilikuwa wazi siku yote, mutoto, mu mufuko ya shati. Tumemuua na haya yetu, weye na miye.

Ku kilio batoto bake banauliza docteur atafika siku gani, banataka kukushukuru. Sijabaambia kintu. Usiandike tena barua. Kuya weye mwenyewe, ubaambie na kinywa yako.

Papa yako