Gundi ya Chini ya Mkebe

Shikamoo Baba,

Nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara nimekatizwa na mlio mmoja usionitoka masikioni: chupa ndogo ya plastiki ikibonyea na kujirudi, kwap, kwap, ndani ya mkono wa sweta. Niliusikia Jumatano, wiki mbili zilizopita, kwenye foleni ya hospitali, nikageuka kabla sijajua kwa nini nageuka. Nitakueleza. Lakini adabu kwanza. Mama hajambo? Kifua kimeachia? Na wewe, vidole vyako vinaendeleaje? Mdogo wangu aliniandikia kwamba siku hizi unajichoma shazia, ile sindano nene ya kushonea, mpaka damu inatoka na huna habari, hadi mteja akwambie. Anasema unacheka tu, eti ngozi ya fundi viatu imeshageuka soli. Mimi sikucheka.

Mafunzo yanaendelea vizuri. Nimehamishiwa chumba cha mazoezi ya viungo. Ni chumba kirefu chenye kioo ukutani na vyuma viwili vya kushikilia, na humo tunawafundisha watu kutembea upya. Yupo mjenzi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili, na yupo bibi mmoja aliyepooza upande, ambaye hunitukana kila asubuhi na kunibariki kila mchana.

Mwenye chupa ile, chupa ya kuvutia gundi, alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Afisa wa ustawi wa jamii alimleta kwa gari la wagonjwa, na karatasi yake ilionyesha wametoka mji wetu. Wenzake anaolala nao nyuma ya soko wanamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Ana vidonda pembeni mwa midomo, macho mekundu, na mwili mwepesi kama koti lililotundikwa. Alipoulizwa anaumwa nini, alijibu kwamba yeye haumwi hata kidogo, ni miguu yake iliyogoma kazi, kwa hiyo tuzungumze nayo.

Nilimgonga goti kwa kinyundo cha mpira, mguu haukuruka. Nikamwambia afumbe macho, nikamshika kidole gumba cha mguu, nikakipeleka juu, kisha chini, na kila mara nikamuuliza kimeelekea wapi. Alibahatisha. Alikosea mara tano, na ya sita akanishauri nikiulize kidole chenyewe. Mjenzi alicheka, na Chiriku akacheka pia. Kisha akafumbua macho, akauona uso wangu, akaifunika miguu kwa sweta yake.

Daktari mkuu alinieleza kwamba ile tina, kiyeyusho kinachoipa gundi harufu tamu, hula mishipa ya fahamu kuanzia kwenye ncha za vidole, ikipanda taratibu. Mtoto huivuta ili asisikie njaa, baridi wala matusi ya wapita njia, na mwisho wake hasikii hata ardhi anayoikanyaga. Akiacha leo, miguu inaweza kuzidi kudhoofika kwa wiki kadhaa kabla haijaanza kurudi, kama itarudi. Na si miguu tu. Chiriku alianza kunisimulia jinsi alivyotoka kwao baada ya mama yake kufariki na mjomba kuuza kitanda. Hadithi ilipofika kwenye kitanda akanitazama, akaniuliza tulikuwa tunazungumza nini.

Afisa alitaka kujua gundi inatoka wapi. Alisema wako watoto wengine tisa wanaovuta mkebe uleule, na bila kuujua mlango inakotoka hatawapata kabla nao hawajaletwa kwa kubebwa. Chiriku aliapa kwamba huwa anaiokota jalalani. Afisa akamwambia gundi haiokotwi kama kuni. Chiriku akamjibu kwamba mtu mwenye akili hamtaji anayemlisha, akageukia ukuta.

Mimi aliniambia. Ilikuwa siku ya nne, tukiwa katikati ya vyuma, uzito wake wote mikononi mwangu. Alisema yuko fundi mmoja anayepokea soli kuukuu wanazookota, na kila gunia huwapimia kifuniko kimoja cha gundi ya chini ya mkebe, ile iliyoganda ikalainishwa kwa tina. Alisema hana ubaya, anawaita wanangu. Siku alipomlalamikia kwamba nyayo zinawaka moto, fundi alimwonea huruma, akamwongezea kifuniko cha pili ili apate usingizi. Zamani, akasema, aliyekuwa akipima ni dada mmoja wa sare ya shule, asiyemtazama mtu usoni. Kifuniko chake cha kwanza, akiwa na miaka tisa, alikipokea kwa dada huyo.

Hakunitambua, Baba. Nilimrudisha kitandani, nikakaa siku tatu bila kumwambia mtu. Nilijitetea kwa jina lako: kwamba hukukusudia, kwamba kila fundi wa mtaa ule hulipa hivyo, kwamba uliwapa watoto nafasi ya kuota moto wakati majirani waliwamwagia maji. Yote ni kweli. Lakini nilikuwa nimejificha nyuma yako.

Maana wewe hukuwahi kuyasoma maandishi madogo ya onyo kwenye mkebe. Mimi niliyasoma. Nilikuwa kidato cha mwisho, kitabu cha kemia kikiwa wazi magotini, na niliyaelewa neno kwa neno. Nilichofanya ni kuugeuza mkebe upande wa picha, nikaendelea kumimina. Nilijisifu kwa uadilifu: kwangu hakuna mtoto aliyepunjwa.

Nilimwambia Chiriku kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisema kwamba nilikuwa na mkono mzuri, sikumwaga hata tone. Tangu siku hiyo ameomba afanyishwe mazoezi na mwenzangu. Nimekubali. Namwona kwa mbali kwenye kioo; jana alipiga hatua mbili, akaanguka, akamlaumu mwenzangu kwa kuwa mfupi.

Baba, usiifiche ile mikebe, wala usiwafukuze watoto. Watatawanyika na hakuna atakayewapata. Fungua lile dirisha la karakana uliloliziba kwa mbao. Na uje upimwe vidole, kwa sababu uzee hauanzi kula ncha za vidole kabla ya kuleta mvi; hiyo ni tina. Nakuomba kama mwanao, si kama msomi wako.

Msalimie Mama, umsomee barua hii yote, hata pale utakapotamani kuruka. Mdogo wangu mwambie namkumbuka, na kwamba kuanzia leo asiushike mkebe.

Nimeandika maelezo kwa mkono wangu. Nimeitaja karakana yetu, na nimeandika kwamba aliyemimina ni mimi, na kwamba nilijua. Daktari mkuu aliyasoma, akaniuliza kama naelewa kwamba naweza kufukuzwa mafunzo. Nikasema naelewa, nikatia saini. Afisa aliondoka nayo asubuhi hii. Barua yako nimeichelewesha kwa makusudi, kwa sababu nakujua na najijua: ungeniomba ninyamaze, nami ningenyamaza.

Ni mimi bintiyo,
kifunguamimba wako.