Beji ya Begani

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Huku tu wazima. Mama anakula vizuri, na shemeji yako bado anadai nakoroma kama lori. Kiwandani mimi ndiye fundi namba moja. Hata meneja huniamkia, na mvi zake zinazidi zangu.

Jana tulikuwa tunashona beji za bluu kwenye makombati yenu ya jeshi. Mchana meneja akaingia.

"Fumueni zote, mweke nyekundu. Redio imesema tumehamia kwa wale wengine."

"Wale tuliokuwa tunawapiga?"

"Hao hao. Waliokuwa wenzetu ndio maadui. Fundi, mimi si waziri. Fumua."

Mimi niliyezunguka bandari saba sijaelewa. Jioni nyumbani Mama akaniuliza mwanawe sasa anapigana na nani, nami, mwenye jibu la kila kitu, nikajifanya natafuta mkasi.

Sasa sikia. Kombati lako nililishona kwa mkono wangu. Beji ya bluu niliipitisha uzi mara tatu, nikakutambia kwamba hata ukiburuzwa haitabanduka. Tangu jana nayajutia maneno hayo. Ndani ya bahasha kuna beji nyekundu, sindano na wembe. Ukiona wenzako wanabadilisha, badilisha upesi, watu wetu wasije wakakupiga wakidhani wewe ni adui. Uzi ukikushinda, vua kombati lote. Baridi haina risasi.

Kaka yako, ambaye kwa mara ya kwanza anaomba kazi yake iwe mbovu.