Mkeka Uliojificha Juu ya Kichuguu

Baba,

Shikamoo. Marahaba, kwa leo, nitajiitikia mwenyewe.

Nianze na lililokuwa limenikaba: mama yu hai. Yuko kwa shangazi Mabwerebwere, anakunywa chai na kuilalamikia sukari. Basi lala vizuri.

Mto ulivunja kingo asubuhi, ukaingia Chanzuru bila hodi. Mama alikuwa peke yake nyumbani, anakukalia eda. Tangu mvua zianze nilimsihi aje mjini. Shehe mwenyewe alimwambia dini inaruhusu kuhama penye hatari. Akajibu, "Maji hayajafika mlangoni. Nikitoka leo, marehemu atadhani nilikuwa natafuta upenyo." Baba, ulioa mtu mbishi.

Njia ikakatika. Nikabaki huku upande wa reli nikitazama maji yaliyokuwa shamba letu. Ndipo vijana wa uokoaji waliotokea Mikumi wakashusha droni nne, kila moja haizidi sinia la pilau. Wewe uliyeniambia, nilipojifundisha kufungua redio, "Mashine ndogo ni za kuchezea watoto," subiri kidogo.

Nilitaka kuona skrini yao, lakini raia tulikuwa tunafukuzwa. Nikamwona dada anayeziongoza akihangaika na manyunyu. Nikamshikia mwavuli. Mshika mwavuli hafukuzwi, baba. Hilo nimejifunza kwenye harusi za wakubwa.

Zile droni zinafanya kazi kama kunguru wa sokoni: kila mmoja na upande wake, lakini mmoja akiona kitu, wote wanajua. Moja ikafika juu ya kile kichuguu cha nyuma ya nyumba. Mtu hakuna. Mkeka tu, umelala.

Kumbe mama, aliyekimbilia hapo, alisikia mvumo, akainua macho, akajifunika mkeka. Mjane wa edani haonwi ovyo na wanaume, hata wa angani. Maji yamemzunguka pande zote, yeye anatunza stara!

Nikaona kiraka. Kile cha mfuko wa mbolea, ulichokishona kwa katani, kimekaa upande. Mwavuli ukanitoka mkononi. "Huyo mama yangu!"

"Kaka, mwavuli," dada akasema, lakini macho hayakutoka kwenye skrini. Droni ilikuwa imeshamwita mwenzake anayeona joto la mwili. Huyo alipofika, chini ya mkeka pakawaka rangi ya chungwa: mtu, amejikunyata.

Nililia, baba. Nikasema ni mvua.

Moja ilipoishiwa betri, nyingine ilikuja kushika nafasi yake. Hakuachwa peke yake mpaka boti ikafika. Nilikuwa nimewaambia wa botini, kwa redio ya yule dada, kwamba yumo edani. Wale vijana wakamgeuzia visogo, wakamnyooshea kasia ashike, mkono usiguse mkono.

Swali lake la kwanza kwangu: "Ile iliyonichungulia, mwenyewe mwanamume?"

Nikamwambia anaiongoza binti.

"Alhamdulillah," akasema. Hapo tu ndipo alipoanza kutetemeka.

Nyumba imekwenda. Kaburi lako, kule mwinukoni, halikuguswa. Mkeka nimeuanika, kiraka kimeshika kuliko mkeka wenyewe.

Pumzika, baba. Eda ikiisha nitamleta akusalimie, na ubishi wake wote. Na masika yajayo, mto ukianza tu kunong'ona, sitambembeleza: nitambeba na mkeka wake. Akinishinda, basi nitakaa naye hukohuko, nimshikie mwavuli.

Mwanao.